Nilitafuta Gari Isiyomtikisa Mtoto

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wazazi wenzangu, nitaongea kwa Kiswahili ili wenzetu wa Kuria wasibaki nje, na mahali nitateleza kwa Dholuo mtanivumilia. Sina hadithi tamu. Kama kuna mtu alikuja kuchekeshwa, pole yake.

Hapa sote tuna watoto wa selimundu, kwa hivyo simfundishi mtu. Mnajua mtoto akishikwa, mifupa inamuuma mpaka shuka ikimgusa analia. Binti yangu tulikuwa tunamtoa nyumbani, kule ndani ukitoka Sori, tunampeleka Homa Bay kwa bodaboda au gari ya kukodi. Kila shimo, nduru. "Mama, mwambie aende polepole." Na dereva anaenda polepole kweli, lakini shimo ni shimo.

Tena niseme ukweli, sikutaka watu wajue. Kwetu mtoto akiumwa hivi kila mara, midomo inafunguka. Mara ni chira, kuna mwiko mlivunja. Mara damu ya mama ndiyo chafu. Kwa hivyo jirani akiniuliza, najibu ni malaria. Malaria, malaria, mpaka hata mbu wa kwetu walichoka kusingiziwa.

Ndiyo mimi na baba yake tukaamua tupate gari yetu wenyewe, na iwe laini. Tukauza ng'ombe na kipande cha shamba. Tulitaka zile za wakubwa, za viti vya ngozi, zile zinazokaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mpya hatungeweza hata kuota. Tukapata moja kuukuu huko Nairobi, nyeusi, inang'aa utafikiri imepakwa mafuta.

Shemeji yangu alinionya. "Shemeji, kila aina ya gari ina ugonjwa wake unaojulikana. Uliza wale wanayo. Na usilipe kabla gari haijalala mahali ukaiona asubuhi." Mimi nikasema kwa roho yangu, huyu ana wivu. Ndugu zangu, nawaambia, daktari alikuwa ameshaniuliza mbona hatukupima damu kabla ya kuoana, na nikamjibu hatukujua. Halafu mimi huyo huyo nikaenda kununua gari bila kuuliza ukoo wake unaugua nini. Yawa!

Tulipofika kwa muuzaji, injini ilikuwa inanguruma tayari. Baba yake akaomba izimwe ili asikie ikiwashwa. Muuzaji akacheka: "Mzee, wacha ipoze hewa ndani, mtoto asisikie joto." Mtu mzuri! Hakuizima hata dakika moja. Tukazunguka nayo kwenye barabara mbaya nyuma ya pale, na mimi nikageuka kumwangalia binti yangu. Alikuwa amelala. Mtoto ambaye hajawahi kulala ndani ya gari, amelala na mdomo wazi. Ningeuliza swali gani tena? Tulilipa siku hiyo hiyo.

Mwanzoni ilitufaa, sitadanganya. Kisha asubuhi moja tukaikuta imeinamisha kona moja ya nyuma. Ukiwasha, inainuka. Baadaye kona mbili. Fundi wa Migori akaja, akachungulia, akatikisa kichwa. Akasema mifuko ya hewa ya aina hiyo ikizeeka inapasuka, inavuja usiku kucha, na kompresa inayoijaza inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ikiungua, gari inalala kwa tumbo. Alisema anazijua zote ni hivyo. Ndipo nikaelewa kwa nini muuzaji hakuzima injini. Vifaa vilikuwa ghali na lazima vitoke Nairobi. Tukasema tungoje mavuno.

Ugonjwa haukungoja mavuno. Ilinyesha mvua ya baridi siku mbili, na nyinyi mnajua baridi inavyowafanya watoto wetu. Binti alirudi kutoka shule ameshikilia kifua. Baba yake akakimbilia gari. Ilikuwa chini kabisa, magurudumu yamemezwa na matope ya mlangoni. Akawasha, tukangoja iinuke. Haikuinuka. Akaiendesha hivyo hivyo, tumbo linakwaruza mawe, na mtoto nyuma analia kwa sauti ambayo siwezi kuwaigia hapa. Kabla ya kufika lami, kwenye bonde, ikakalia jiwe. Ikakataa mbele, ikakataa nyuma.

Halafu binti akanyamaza. Nikafurahi kidogo, nikadhani maumivu yamepungua. Nikamwita. Akanigeukia, na mdomo wake ulikuwa umeenda upande mmoja. Alitaka kusema "mama" na haikutoka.

Niwieni radhi. Nipeni maji kidogo.

Ikaja pikapu nyuma yetu, imebeba akina mama wametoka kupika matangani, na masufuria yao. Wakashuka. Mama mmoja mwenye umri akachungulia ndani. "Mtoto ana nini?"

Nikasema, "Malaria."

Akaniangalia. "Nyathina, mwanangu, hii si malaria. Sema tukusaidie."

Nikasema. Nikalitaja jina la ugonjwa pale kwa mvua, mara ya kwanza mbele ya watu wa kwetu, nikingoja waanze kurudi nyuma. Yule mama akasema tu, "Mos, mama, mos. Pole." Akauliza kinachomuumiza zaidi ni nini. Nikamwambia ni kutikiswa.

Basi walitupa masufuria kando ya barabara. Wakatandaza blanketi ndani ya pikapu, tukamlaza binti katikati, kisha wale akina mama wakapiga magoti pande zote, wakaliinua blanketi na mtoto ndani yake, lisiguse bati. Wakamshikilia hivyo, hewani, mpaka Homa Bay. Pikapu ikiruka, wao wanarushwa, magoti yanagonga chuma, lakini mikono inashuka na kupanda pamoja naye. Hakuna aliyeachilia. Walikuwa wanaimba polepole, na wengine wanalia.

Binti yangu aliishi. Wauguzi walinieleza kwamba damu ilikosa njia kichwani, upande wa kushoto ukapooza. Mguu umerudi, anachechemea. Mkono wa kushoto haujarudi. Ananiuliza utarudi lini na ninamwambia sijui.

Nilikuwa mtu mbaya sana baada ya hapo. Gari iliburutwa nyumbani, kuku wakataga chini yake, na mimi kila nikiipita namtukana baba yake. Yeye ananijibu, "Ni wewe uliona mtoto amelala." Nusura tuachane. Ni wale akina mama walioendelea kuja, wanakaa, wananitwangia mahindi, wanamnyoosha mtoto vidole, na hakuna aliyetaja chira.

Tumenunua gari nyingine, ndiyo. Kuukuu pia, na ya starehe pia, kwa sababu mtoto bado anaumia. Lakini safari hii nilikuwa mkali mpaka muuzaji akaniogopa. Tuliwatafuta kwanza wenye gari ya aina tuliyoitaka, tukawauliza imewasumbua wapi. Tulichagua yenye springi za chuma ambazo fundi wa Rongo anaweza kubadilisha bila kuagiza Nairobi. Tulikwenda na fundi wetu, nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Nikasema tutarudi kesho, usiiguse. Kesho yake ilikuwa baridi, ikawashwa mbele yetu, haikutoa moshi, gia ziliingia bila kugonga. Na mtoto nilimwacha nyumbani.

Baba mmoja hapa ameniambia anaenda kuangalia gari wiki hii. Nakuomba, omera, ndugu yangu, uliza ugonjwa wake kabla ya kuuliza bei. Na wewe mama unayesema malaria, ambia majirani kabla hujakwama. Gari yoyote inaweza kukataa.

Nawashukuru wauguzi, fundi, na shemeji niliyemwita mwenye wivu. Na yule mama aliyekataa malaria yangu, nilimwomba leo anisindikize, akakubali. Hapa hatutaji majina, nami sitamtaja. Lakini sasa nimemaliza, angalieni ninaenda kukaa kando ya nani.