Siku Tulipoonyeshwa Sikio la Binti Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa: mimi ni fundi cherehani, hotuba si kazi yangu. Nimesimama kwa sababu daktari wa picha tunayemuaga leo anapostaafu aliwahi kumpima binti yangu.

Binti alikuwa na miaka miwili, na hata sufuria ikianguka, hashtuki. Mama mkwe wangu, aliyeketi pale na aliyeniruhusu kusema, kila siku aliniuliza, "Ulimeza dawa gani ukiwa na mimba?" Ningejibu nini, nami nilikwisha kuanza kujishuku mwenyewe?

Vipimo vilionyesha kwamba hasikii pande zote mbili. Kabla ya kumpandikizia kifaa cha kusikia, daktari wa upasuaji alitaka kujua ndani ya masikio kukoje. Mtoto akapewa dawa ya usingizi, akaingizwa kwenye mashine ya MRI, ya kupiga picha za ndani ya mwili. Nje, mimi na mama mkwe tulikaa benchi moja bila kusemeshana.

Majibu yalipotoka, daktari huyu alituita wote wawili, akatugeuzia skrini.

"Ndani ya sikio kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono. Vya mtoto huyu, vyote viwili, havikumaliza kujiviringa. Kulia, mshipa wa fahamu wa kusikia haupo kabisa. Kifaa huko ni kazi bure. Kushoto upo, ila mwembamba. Tujaribu huko, lakini siwaahidi makubwa."

"Nani kasababisha?" mama mkwe akauliza.

"Sababu picha haisemi, mama. Ila hili lilitokea mimba ikiwa changa mno, pengine hata mwenyewe hajajua anayo. Msitafute mchawi nyumbani."

Tulipotoka, mama mkwe alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika barabarani.

Sikio la kushoto likafanyiwa upasuaji, kifaa kikawekwa. Ndugu zangu, sitawadanganya: maneno mengi bado yanampiga chenga, na midomo yetu anaitazama sana. Lakini asubuhi moja, miezi mingi baadaye, bibi yake, huyu mama mkwe wangu, alimwita kutoka jikoni, naye akageuka. Bibi akaangua kilio cha mtaa mzima kusikia. Mjukuu akamwendea, akamwekea kidole mdomoni: anyamaze, anapiga kelele.

Daktari, Mungu akupe mapumziko mema. Nanyi nyote, nashukuru kwa kunitegea sikio.