Gunia la Mchanga la Gozbert

Benchi lilikuwa langu. Nililiweka chini ya ukuta wa nyumba yangu, Kinondoni, ili wanywaji wa kahawa yangu wasinizibie mlango. Kila jioni walikuja watatu: Kasimiri, aliyerudi kutoka vita vya Bama na kuitwa Sajini ingawa huko alikuwa mpishi, Mizani, mpima nazi kavu wa duka la Bandali, na Dresa, aliyeitwa hivyo kama wafunga vidonda ingawa hospitalini alikuwa mfagiaji tu. Mwezi uliopita mwanangu Gozbert alikwenda kuomba kazi ya upagazi, nyapara wa bandarini akambonyeza mkono, akacheka, akamwambia arudi akiwa na misuli. Gozbert akawauliza hawa watatu afanye mazoezi kiasi gani. Leo hakutoka ndani.

— Mama Gozbert, bingwa wetu yuko wapi? akauliza Sajini. Gunia la mchanga linamngoja.

— Kalala. Mikono imevimba, hawezi kushika hata kikombe.

— Imevimba! Mizani akapiga paja. Si ndiyo misuli hiyo? Nilisema mie: gunia asubuhi, gunia jioni.

— Gunia lako halina lolote. Kilichomjenga ni kuchuchumaa kwangu. Jeshini tulichuchumaa na kuinuka mpaka jua linazama.

— Wewe ulichuchumaa mbele ya sufuria.

— Sufuria la kombania nzima! Unaujua uzito wake?

Dresa akainua kidole.

— Nyote mlimpunja. Mie nilimwambia ajumlishe: gunia la Mizani, kuchuchumaa kwa Sajini, halafu alale kifudifudi ajiinue kwa mikono mpaka mikono ikatae. Ikishakataa, aanze upya. Hapo nyama inaogopa, inakua.

— Kafanya yote, nikasema. Wiki nzima. Na mkojo wake leo una rangi hii.

Nikainua kikombe cha kahawa. Mizani akakitua chake chini.

— Kuna mtu kamwonea kijicho, akanong'ona. Mikono ile ilianza kuonekana.

— Kijicho wapi? Uvivu huo unatoka, akasema Sajini, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Bama tulikojoa rangi zote.

— Waliokojoa nyeusi walirudi? nikamwuliza.

Sajini akaimwaga kahawa yake chini.

— Ni damu kuukuu, Dresa akadakia. Inatoka, mpya iingie. Abebe magunia mawili leo, aimalize yote.

Mwanamume mmoja mgeni alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani, anasubiri kahawa yake.

— Shikamooni, wazee. Samahani kuingilia. Siku ya kupumzika mlimpangia ipi?

Sajini akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Dresa. Ndani Gozbert akaniita, kwa sauti ile aliyoniitia utotoni alipokuwa na degedege.

— Inukeni, nikasema.

— Twende wapi?

— Inukeni kwenye benchi langu.

Tukaliingiza ndani, tukamlaza juu yake, nikamfunga kwa kanga mbili asianguke. Mgeni akatangulia na baiskeli kwenda barabarani kusimamisha lori litakalotufikisha hospitali. Wale watatu wakashika pembe tatu, ya nne nikaishika mie, upande wa miguu. Kila tulipopiga hatua, wayo wake uligusa mkono wangu. Ulikuwa wa baridi.

Hatukuwa tumefika hata kwenye kisima cha mtaa.

— Mama Gozbert, tutue kidogo, Dresa akahema. Mikono imekataa.

— Anza upya, nikamwambia.