Mita Sitini za Bwana Dunstan

Tarehe 31 Machi 2025 Bwana Dunstan Kinunda anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima maji ya mito yetu, kutoka vilima vya Mbinga hadi ufukweni Lipingo. Nimeambiwa niandike mimi, Restituta, mhudumu wa ofisi, kwa sababu ndimi niliyempikia chai miaka kumi na minane. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi mtanivumilia.

Alianza kazi kwa baiskeli, sanduku la chupa limefungwa nyuma kwa mpira. Pikipiki ilikuja baadaye sana, na mlima wa Kingerikiti aliupanda akiisukuma mara nyingi kuliko akiwa amekaa juu yake.

Chupa za maji aliyochota alikuwa akiziweka kwenye rafu ya chai. Siku moja nikachukua tatu, nikachemshia chai ya kikao. Wakubwa wote wakanywa, mmoja akaongeza. Bwana Dunstan alipogundua hakunifokea. Alirudi mtoni siku ileile kuchota mengine, na tangu hapo akawa ananieleza kila chupa imetoka wapi. Ndivyo alivyojua kwamba kwangu ni chini ya kilima cha Lipembe.

Kilima hicho kina makaa ya mawe, na kampuni iliomba kibali cha kukata kilele ili iyafikie. Serikali inaruhusu makaa yachimbwe, lakini inataka uchimbaji ukae mita sitini kutoka chanzo cha maji, na kazi ikiisha udongo urudishwe na miti ipandwe. Septemba 2019 Bwana Dunstan alipanda Lipembe, akapima, akasimika vigingi vya mpaka huo. Ripoti yake ikapita.

Nilipompelekea chai nikaona mchoro mezani. Nilisita, maana kazi yangu ni kufagia. Lakini nina watoto wanne, na wote wanakunywa maji yale. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Hapo ulipoandika chanzo ni pa kiangazi. Masika maji yanaanzia juu, kwenye ngolo za mama Otilia." Ngolo ni yale mashimo tunayolimia mlimani, yanashika mvua isiteremke na udongo.

Akacheka. "Restituta, umeshawanywesha wakubwa maji ya mto, sasa unataka na kazi yangu?"

Hata hivyo, Machi iliyofuata alipanda na kamba yake ya kupimia. Maji yalikuwa yanatoka juu kabisa, na vigingi vyake viko chini huko, vimelowa. Wanawake waliokuwa wakichota wakamtania, "Mpima maji, kumbe hujui maji yanapolala!"

Aliandika barua kwamba aliyekosea ni yeye. Wapo waliomshauri anyamaze, kibali kilikuwa kimeshatoka na kustaafu hakukuwa mbali. Hakunyamaza. Vigingi vikahamishwa, na upande wetu wa kilele haukukatwa. Upande wa pili ulikatwa. Kijito cha huko kinashuka cheusi mvua ikinyesha, na udongo haujarudishwa wote. Kila mwezi alikichota na kuandika alichokiona. Na tangu barua ile, ofisi yetu inapima kila chanzo mara mbili, kiangazi na masika.

Mwaka huu kampuni imeomba kipande kilichobaki. Sisi akina mama wa chini tukaanza kuulizana nani atapanda. Devotha, anayeshika nafasi yake, alianza kazi mwishoni mwa masika yaliyopita, na Lipembe ya mvua hajawahi kuiona.

Ijumaa iliyopita, badala ya kufungasha vitu vyake, Bwana Dunstan alimpandisha Devotha mlimani, mvua ikinyesha. Walirudi wamelowa hadi kiunoni. Kamba akaiacha kwenye rafu ya chai, juu ya daftari la Devotha.

Asante, baba. Nenda kapalilie kahawa yako kule Tingi na mkeo, mama Gertruda, mzeeke bila haraka. Chai ya kukuagia leo nimeipikia maji ya kwangu. Safari hii niliyatazama kwanza. Ni meupe.