Fundi Taratibu na Benchi la Ukutani

Ijumaa hii, tarehe 30, Fundi Taratibu anashuka ngazi kwa mara ya mwisho, baada ya kutuchorea matangazo ya ukutani kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo tulimpa sisi, wala hatuombi radhi: hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, hata siku ile nyuki walipomfuata juu ya jukwaa.

Alianza kwa kuosha brashi. Baadaye akawa ndiye wa kupewa kuta ngumu: zenye nyufa, zenye unyevu, zenye mwenye nyumba mkorofi. Nusu yetu hapa karakanani tulifundishwa naye kushika brashi. Chai yake ilipoa kila siku, na kila siku aliilalamikia kana kwamba ni jambo geni.

Sasa, ule ukuta. Jamani, tutaachaje kuutaja? Kampuni moja ya simu ilitaka maneno KWA NINI USUBIRI? kwenye ukuta unaotazamana na lango la hospitali. Humo ndimo alimolazwa mkewe, Shemeji yetu, na fundi alikuwa akishinda pale nje akingoja saa ya kuona wagonjwa. Aliyaandika maneno kama alivyoagizwa. Kisha chini yake, bila kumwuliza mtu, akachora benchi refu la watu wanaosubiri: bibi na chupa yake ya chai, baba aliyevua viatu, binti aliyesinzia begani kwa dada yake. Mwishoni akaacha nafasi tupu.

Mteja aliwaka. Mama meneja wetu akampa fundi ndoo ya rangi nyeupe: afute, au atafute kazi kwingine. Na matibabu ya Shemeji yalitegemea mshahara huohuo!

Akaenda. Akakuta ndugu wa wagonjwa wameketi chini, wameegemea picha. Angewainuaje? Akakaa pembeni angoje waondoke. Wakiondoka hawa, wanakuja wengine. Jioni akarudi na ndoo imejaa vilevile, na kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu Mama meneja alikwenda mwenyewe, amefura kwa hasira. Mzee mmoja akajisogeza kidogo ili Mama naye apate pa kukaa. Akakaa. Aliporudi alimpigia mteja simu, akamwambia ukuta ule haufutwi.

Mteja alituhama, na maneno yake yamepauka. Benchi tunalipaka rangi upya kila mwaka. Shemeji alipona, na leo ameketi mstari wa mbele, anamcheka mumewe kwa tai aliyoifunga upande.

Fundi, kila tulipokuuliza ile nafasi tupu ni ya nani, ulisema ni ya atakayechoka. Basi jana tulikwenda sote pale ukutani. Ukipita na Shemeji utajiona mwishoni mwa benchi, chai imekupolea mkononi, ndoo nyeupe miguuni, imejaa. Asante kwa yote, tunakupenda mno. Siku zako zilizobaki ziwe njema na nyingi, na uzile taratibu.