Insaf Wadia na Sauti ya Saa Kumi na Moja

Padre wetu Abuna Bula, wazee wa kanisa, majirani zetu wa hapa Shubra, Kairo, na ninyi ndugu mliotoka Samalut kwa treni ya alfajiri, haya ni maisha ya Bi Insaf Wadia Bishara kama alivyoyaandika binti yake Nivin, na anayeyasoma ni mpwa wa marehemu, Imadi, aliyechaguliwa kwa sababu ana sauti kubwa, na kwa sababu ameahidi kutoruka mstari hata mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika mji wa Samalut, mkoani Minya, mtoto wa tano wa mzee Wadia Bishara, muuza vitambaa, na Bi Galila, akabatizwa siku ya themanini kama ilivyo desturi kwa watoto wa kike, wakati kaka zake wote walibatizwa siku ya arobaini, jambo ambalo alilisimulia mpaka uzeeni kana kwamba alidhulumiwa jana.

Alisoma shule ya msingi Samalut kuanzia mwaka 1950, kisha sekondari ya wasichana mjini Minya, akamaliza mwaka 1962 akiwa na cheti cha biashara, na tarehe 1 Oktoba 1963 aliajiriwa Kairo katika kituo cha simu, akivaa vipokea sauti masikioni na kuchomeka waya, akimuunganisha mtu wa Aswan na mkewe aliye Aleksandria, na wakati ule hakuna aliyezungumza na mtu wa mbali bila kupita mikononi mwa Insaf. Mwaka 1986 ililetwa mitambo inayounganisha simu yenyewe, naye akahamishiwa dawati la malalamiko, na mitambo ile hakuisamehe, kila alipopita mlangoni pa chumba chake aliisonya, akiwaambia wenzake, "Haiwezi hata kumwambia mtu subiri kidogo mpenzi," mpaka alipostaafu mwezi Machi 2004.

Alifunga ndoa Jumapili tarehe 18 Mei 1969 na marehemu Zarif Habashi, karani wa tiketi za reli, aliyemtangulia tarehe 2 Februari 2006, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Samih aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1971, na Nivin aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1975. Samih alihamia Kanada mwaka 1999, ambako kazi yake ni kufundisha mashine kuzungumza, na picha yake ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, Nivin alifundisha hesabu, hakuolewa, akabaki na mama ghorofa ya nne, na picha yake haikutundikwa popote kwa kuwa mwenyewe alikuwepo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2014, na kuanzia mwaka 2018 hakuweza tena kushuka ngazi, hivyo siku zake zilikuwa kitanda, dirisha na simu ya Samih, iliyokuja mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa mwezi, na kila ilipochelewa aliyelaumiwa ni Nivin, eti ameiacha simu bila chaji. Mwezi Septemba 2024 Samih alimtumia dada yake ujumbe, akasema, "Nivin, mimi kazi imenizidi, sasa nimetengeneza kitu, kitampigia mama kila siku saa kumi na moja jioni kwa sauti yangu, kinajibu chenyewe, hatajua tofauti, na wewe usimwambie, utamuumiza bure." Nivin hakumwambia, na toka siku hiyo ikawa hivyo, kila saa kumi na moja sauti ya Samih iliuliza, "Mama, umekula nini leo?" naye Insaf aliyepikiwa molokhia, ule mchuzi wa mlenda, na Nivin akaanza kumsifia molokhia mtoto asiyejua hata sufuria ilipo.

Isemwe wazi kwamba Nivin aliona wivu, na haukuwa wivu mdogo. Kaka aliye mbali alishamzoea, lakini huyu kaka wa pili hakuchoka, hakuwa na haraka, hakukunja uso, na zile hadithi za kituo cha simu ambazo Nivin alizisikia mpaka zikamtoka puani, yeye alizisikiliza kila jioni akicheka palepale panapostahili kuchekwa. "Mwone mwenzio," Insaf alikuwa akisema, "nchi yote ile iko katikati, na bado ana nafasi na mimi." Nivin akajibu, "Mwenzangu hafui mashuka, mama," na mama akasema, "Ndiyo hayo, kila kitu kwako ni hesabu."

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025 jioni, hali ikiwa imebadilika na Daktari Mirvat akiwa ametoka kutuambia tukae karibu, simu ilikuja kama kawaida, Nivin akaishika mbele ya mdomo wa mama, na Insaf akakusanya pumzi yake yote akasema, "Samih mwanangu, moyo wangu umekuridhia, radhi zangu zote ziwe juu yako, Bwana akufungulie kila mlango." Nyumbani kwetu dua ya mama huitikiwa amina na yule anayeombewa, isipoitikiwa inabaki hewani, basi mama akangoja, na ile sauti ikasema kwa upole, "Na dawa za jioni umeshakunywa, mama?" Akangoja tena. Nivin akasema amina, kwa sauti, kutoka kifuani.

Mama akageuza uso, akasema, "Wewe nani kakwambia uitikie? Namwombea mwenzio." Nivin akamjibu, "Mwenzangu hajaitika, mama, na mimi niko hapa." Insaf akasema, "Basi, imeshaitikiwa," akaomba ageuziwe mto, na Ijumaa tarehe 9 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nivin.

Wanawake waliokaa msibani Ijumaa jioni, walioisikia simu ikiita na sauti ya Samih ikimuuliza marehemu amekula nini, wakaondoka wakisema mtoto huyu hana haya, wanaombwa wamwondolee lawama, kwani saa hiyo Samih alikuwa ndani ya ndege akilia, na aliyeuliza hakuwa yeye.

Familia inamshukuru Daktari Mirvat na wauguzi wake, jirani yetu Haji Abdul-Muti na wanawe waliombeba marehemu kwa kiti ngazi zote kila alipokwenda hospitali, na akina mama wa kituo cha simu waliokuja na mikongojo yao, wakaimba pamoja nasi.

Samih, tangu uwanja wa ndege umekuwa ukimuuliza dada yako kama mama alikutaja kabla ya kufa, naye akakwambia ungoje maombi haya ya siku ya tatu. Alikutaja kwa jina, neno kwa neno kama lilivyosomwa, na jina hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Amina ni ya Nivin, na haitoi.

Lala kwa amani, Insaf binti Wadia, na Bwana akupokee.