Mwalimu Yasawathi na Daftari la Darasa la Tatu

Waheshimiwa watawa wa hekalu letu, ndugu, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi mliosimama juani tangu saa nane, maisha haya ya dada yetu yanasomwa kwa niaba ya familia na Sarath, mdogo wake wa mwisho, ambaye ameonywa na ndugu zake asome kilichoandikwa na asiongeze ya kwake.

Mwalimu Yasawathi Galagedara alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Februari 1959, hapa hapa Meegahagama, katika nyumba hii mliyoizunguka, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Tikiri Banda Galagedara, mgema utomvu wa mpira, na marehemu mama yetu Dingiri Menike. Alianza shule Januari 1964 katika shule ya hapo chini, akaendelea na sekondari mjini Kegalle hadi mwaka 1977, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1981 na kuhitimu mwaka 1983, akiwa binti wa kwanza wa mteremko huu kuvaa sari ya mwalimu. Tarehe 5 Juni 1986 aliolewa na Bwana Gunapala Herath, karani wa posta, aliyetangulia mbele yake mwaka 2011, na Mungu wa kila nyumba ajua kwamba hawakuwahi kugombana isipokuwa juu ya chumvi. Walijaliwa watoto wawili, Nilmini, aliyezaliwa mwaka 1988, na Asanka, aliyezaliwa mwaka 1991, ambao wote wapo hapa.

Katika kazi, marehemu alifundisha miaka kumi na mmoja katika shule za mbali, akahamishiwa shule yetu mwaka 1994, na tarehe 20 Januari 1998 alikubali kufungua kitengo cha watoto wenye ulemavu, wakiwa saba, katika chumba cha mwisho kabisa kando ya tangi la maji. Aliambiwa kwamba chumba hicho ni cha kupitia tu, kwamba mtoto atakaa humo mwaka mmoja au miwili, akishazoea ataingia darasani na wenzake, naye aliyaamini maneno hayo kwa moyo wake wote. Basi akakipaka chumba rangi mwenyewe, akashona mapazia, akapanda maua mlangoni, akatengeneza herufi za mbao za kushikwa na vidole visivyonyooka, na kikawa chumba kizuri kuliko vyote shuleni. Kila mgeni aliyekuja alipelekwa kwanza huko, akavishwa shada, akapigwa picha na watoto, akasema, "Jamani, hawa wana furaha kweli! Kwa nini muwasumbue kuwatoa hapa?" Hivyo ndivyo mlango ulivyofungwa, na dada yetu alikuja kuelewa kwamba aliyeusukuma ni yeye mwenyewe, kwa mapazia yake.

Familia inaomba radhi kwa walimu waliopo, lakini historia ya marehemu haiwezi kusomwa bila jambo la mwaka 2007, maana alilizungumza kila wiki hadi anaingia hospitalini, na sisi tuliokula naye tulilila pamoja na wali.

Miongoni mwa watoto wa kitengo alikuwamo Ishara, mwenye miaka minane, binti wa Karunawathi wa nyumba ya juu, ambaye miguu yake haimbebi na maneno yake hutoka polepole, lakini hesabu zake hutoka haraka kuliko za mwenye duka. Mama yake alimteremsha mgongoni kila asubuhi na kumpandisha mgongoni kila mchana. Marehemu alikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule mara sita, akiomba jina la Ishara liandikwe katika daftari la mahudhurio la darasa la tatu, na mara sita akajibiwa, "Mwalimu, utaniharibia asilimia zangu," kwa kuwa mtoto akishaandikwa katika daftari la darasa atahesabiwa katika mtihani wa ufadhili wa darasa la tano, lakini akibaki katika daftari la kitengo hahesabiwi popote, ni kama shule haina mtoto huyo. Mara ya saba hakwenda kuomba. Siku ya kwanza ya muhula, watoto wote walipokuwa wamepiga magoti wakiwapa walimu wao majani ya tambuu kama ilivyo desturi, naye mwalimu mkuu ameinama kuyapokea, marehemu alilifungua daftari la darasa la tatu, akaandika kwa wino jina la thelathini na tano, akambeba Ishara hadi dawati la mbele.

Ishara alikaa darasani wiki kumi na nne. Wiki ya kwanza wazazi walikuja na makelele, mmoja akasema, "Mwanangu ataanza kuongea kama yule, nani atamwoa?" Wiki ya tano, watoto walikuwa wamegawana zamu za kumbeba kwenda chooni bila kuambiwa na mtu, na wiki ya kumi, katika jaribio la hesabu, Ishara alipata alama sabini na moja, akawa wa sita kati ya thelathini na watano. Mwalimu wa darasa alilia, marehemu hakulia, alisema tu, "Haya, sasa watasema nini?"

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya Mwaka Mpya wetu wa mwezi Aprili, jina la thelathini na tano lilikuwa limepigwa mstari kwa rula, vizuri kabisa, na marehemu akakabidhiwa barua ya onyo kwa kuharibu nyaraka za serikali. Aliandika barua ishirini na tatu kuhusu mstari huo, nakala zote zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, na majibu yaliyomo ni mawili, yote yakisema kwamba suala lake linashughulikiwa. Ishara alirudishwa kando ya tangi la maji, akakaa huko hadi alipofikisha miaka kumi na minne, akarudi nyumbani. Leo ana miaka ishirini na minne, na jioni watoto wa darasa la tano wanapanda kwao kufundishwa hesabu, wakijiandaa kwa mtihani ule ule ambao yeye hakuruhusiwa kuukaribia. Mnacheka? Marehemu hakuwahi kucheka kwa hilo.

Alistaafu tarehe 12 Februari 2019, lakini aliendelea kwenda kitengoni bila malipo siku tatu kwa wiki, hadi figo zilizokuwa zikimsumbua ziliposhindwa kabisa mwezi Desemba uliopita, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kitandani alimwambia Nilmini, "Nilikipamba mno kile chumba, binti yangu. Ningekiacha kibaya, pengine wangewatoa." Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kukesha nasi, chama cha mazishi cha kijiji kwa viti, turubai na bendera nyeupe zilizopamba njia, na walimu wenzake kwa shada la maua.

Karatasi iliyoandikwa inaishia hapo. Ndugu zangu mnaonivuta shati, niachieni.

Shule imetuletea wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la kumi na moja, wamepangwa kwa madarasa kandokando ya barabara hadi makaburini, sare nyeupe, wanapendeza. Wanafunzi kumi na mmoja wa kitengo hawapo. Nimeuliza, nikajibiwa kwa upole na mtu ninayemheshimu, "Bwana Sarath, watachoka njiani, halafu mstari hautakaa sawa."

Saa njema ya kunyanyua jeneza tuliyopewa na mnajimu ni saa kumi na dakika kumi na mbili, na sasa ni saa kumi na dakika tisa. Mjomba Appuhamy, usinikonyeze, saa ninaiona. Itapita. Nilmini na Karunawathi wameshaondoka na bajaji tatu kwenda kuwachukua watoto, na hatutawapanga nyuma, wala hatutawapanga peke yao. Ninyi wa darasa la kwanza, sogeeni, acheni nafasi ya watoto watatu. La pili, wawili. La nne, mmoja. La tano, watatu. Darasa la tatu, mpo pale ukutani, acheni nafasi mbili, pana kidogo, mmoja wao anakuja na kigari chake.

Dada, pumzika kwa amani. Jeneza lako litanyanyuliwa mstari ukishajaa.