Jina la Ishirini Kwenye Kibao cha Duara

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Lukman Barutwanayo anastaafu baada ya miaka thelathini na miezi sita katika kampuni yetu. Miaka yote hiyo alifanya kazi mahali pamoja: uwanja wa antena wa jeshi nje kidogo ya Brussels, ambao wote tunauita Duara.

Nimeombwa ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu uwe wa furaha. Furaha ipo, kwa sababu hakuna anayetuchekesha kama Papa Lukman. Lakini nikisema ni furaha tupu nitakuwa nimedanganya, na yeye hapendi uongo.

Kwa wasiolijua Duara: milingoti arobaini ya chuma, kila mmoja mrefu kuliko nyumba ya ghorofa sita, imesimama kwa mviringo kwenye nyasi. Wimbi la redio linapotoka mbali, huifikia milingoti ya upande mmoja kabla ya ile ya upande wa pili. Tofauti hiyo ndogo mno ndiyo iliyowaonyesha wanajeshi redio inayoongea iko upande gani. Kila mlingoti ulipeleka ulichosikia kwa kebo ya chini ya ardhi, hadi kwenye kibanda kilichojengwa ndani ya mviringo.

Papa Lukman alifika hapa Ubelgiji mwaka 1994, akitokea Buyenzi, Bujumbura. Aprili iliyofuata alipewa mashine ya kukata nyasi na karatasi ya kutia sahihi: asimwambie mtu yeyote anachokiona. Alitii kweli kweli. Majirani zake wa Ganshoren walidhani anatunza uwanja wa mpira. Mama yake alifariki akijua mwanawe anakata nyasi za watu, basi. Mkewe, Maman Mauwa, aliliona Duara kwa mara ya kwanza mwaka jana, gazetini, jeshi lilipotangaza kwamba litafungwa na kubomolewa. Alilitandaza gazeti kando ya sahani.

"Baba Jamal, miaka thelathini nafua matope ya hapa, na wewe hujanambia kitu?"

Akajibiwa kwamba sasa imeruhusiwa, aulize anachotaka. Chakula kilipoa siku hiyo.

Kila Jumatatu Papa Lukman alilizunguka Duara kwa miguu, mkononi ana tasbihi. Punje thelathini na tatu, halafu saba tena: milingoti arobaini. Kila mmoja aliugusa na kuutazama hadi juu. Donat, mwenzetu wa Bukavu aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, hakuchoka kumtania: "Bon, tonton, leo milingoti yote imekuya kusali?"

"Yote imefika. Ni wewe tu umechelewa."

Na kila mwaka majani yalipoanza kuanguka, alifungua mashimo arobaini yaliyo chini ya milingoti, akatoa majani na vyura. Ndiyo maana alijua jambo ambalo wengi hawakulijua: kibanda hakiko katikati kabisa. Katikati palikuwa na maji, kwa hiyo wajenzi walikisogeza hatua chache. Kebo za upande wa karibu zikawa na urefu wa ziada, nao wakauviringa mashimoni, kwa sababu kebo zote ni lazima ziwe na urefu mmoja. Moja ikiwa fupi, sauti yake inawahi kufika, na Duara linaonyesha upande usio sahihi. Fundi mmoja mzee alimweleza hayo mwaka wake wa kwanza. Hakuyasahau.

Mwaka 2011 waliletwa mafundi vijana kurekebisha mashimo ya 22, 23 na 24. Wakakuta kebo zimeviringwa, wakaona ni uchafu, wakaukata urefu wa ziada na kuunga ncha. Papa Lukman alizima mashine yake, akaenda kuwaambia waache. Jibu lilikuwa hili: "Papa, occupe-toi de l'herbe." Yaani ashughulike na nyasi zake. Nimeliandika kama alivyonisimulia, na kila nikilisoma uso unaniwaka.

Kwa wiki kumi na moja Duara lilikosea. Wataalamu waliitwa mara mbili. Mashine mpya ya kupokelea ikafungwa, na bado makosa yakawa yale yale. Papa Lukman alimwambia sajini, akamwambia msaidizi wa sajini, akamwambia hata mlinzi wa getini. Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe aliingia ofisini kwa kapteni mgeni akiwa na gamboti zake za matope, akaweka mezani vipande vitatu vya kebo. Alikuwa ameviokota siku ile ile vilipokatwa, akaviandika kwa chaki 22, 23, 24, na kuvitunza kwenye stoo ya mafuta.

"Mnachokitafuta ni hiki," alisema.

Jioni hiyo hiyo kebo zilirudishiwa urefu wake, na Duara likaanza tena kusema kweli.

Ripoti ilisema hitilafu imegunduliwa na timu ya ufundi. Watu wawili walipewa vyeti. Papa Lukman alipewa glavu.

Tungeweza kusema hayo ni ya zamani. Lakini Duara linabomolewa, na mlingoti mmoja utabaki getini ukiwa na kibao cha shaba chenye majina kumi na tisa ya waliolihudumia. Aliyekaa muda mrefu zaidi kati yao alikaa miaka tisa. Jina la Lukman Barutwanayo halipo. Nilipiga simu ofisi ya kambi mara tatu. Nikaambiwa kibao ni cha watu wa ufundi, na kwamba nafasi imekwisha. Nimekwenda kukiona. Chini ya jina la mwisho kuna nafasi ya vidole vinne.

"Muntu anaikala pahali pamoja miaka trente," Donat aliniambia, "alafu jina yake haiko? Donc nani alikuwaka pale, kivuli?"

Naomba wasomaji waelewe kwa nini jambo hili si dogo. Mtu huyu alinyamaza miaka thelathini kwa sababu aliahidi. Hana picha wala cheti. Kibao kile ndicho kitu pekee ambacho angewaonyesha wajukuu zake na kusema: hapa, nilikuwa hapa.

Badala yake ameletewa agizo lake la mwisho la kazi. Ijumaa, siku ya sherehe ya kuzindua kibao, kabla ya saa tatu asubuhi, akate nyasi kuzunguka kibao ili viatu vya wageni visilowe. Ametia sahihi. Nilipomuuliza kwa nini hakukataa, alicheka. "Mwanangu, nitazikata vizuri. Nyasi hazijanikosea."

Nimeshauriwa nifupishe ukurasa huu, nibakize mazuri tu. Nimeusoma tena, na sioni cha kuondoa. Mazuri yake ndiyo haya.

Basi tukutane Ijumaa saa mbili asubuhi kituo cha Porte de Namur, twende pamoja. Maman Mauwa anakuja na wajukuu wote watano. Saa nne majina yatasomwa kwa sauti. Likishasomwa la kumi na tisa, tutalitaja la ishirini. Donat alijitolea kuanza, kwa kuwa ana sauti kubwa. Nimemwomba aniachie mimi, ambaye tangu nimalize shule mwezi wa sita na kuanza kazi hapa sijawahi kufungua mdomo mkutanoni. Ninyi mnifuate.

Papa Lukman, asante kwa miguu yako, kwa macho yako, na kwa vipande vile vitatu ulivyokataa kuvitupa. Ijumaa ukimaliza nyasi, usirudishe mashine stoo kama kawaida yako. Izime, usogee mbele, usimame karibu na kibao pale wajukuu wanapoweza kukuona. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi ya kusimulia kila kitu.

Océane, mapokezi